Saga ya mzazi: kuanzia mbegu hadi bakuli

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Kisumu, wanawake wawili walikutana jikoni kwangu. Mama alishuka matatu ya Kakamega na kiondo cha mboga ya saga, mafungu yamefungwa kwa kamba ya mgomba, pamoja na kichupa cha munyu, yale maji ya majivu ya kupikia mboga. Mama mkwe akaja kutoka Seme na lita mbili za maziwa na chungu kidogo cheusi alichokipakata mapajani njia nzima. Wote walikuwa wamekuja kumpikia mzazi mboga, na mboga yenyewe ilikuwa moja. Mama anaiita tsisaka, mama mkwe anaiita dek. Mmoja alitaka kuipika kwa munyu, mwingine kwa maziwa. Nikiwa chumbani na mtoto kifuani niliwasikia wakibishana kwa heshima: "Tangulia wewe, Mama." "Hapana, Mama, hapa ni kwa mwanao, tangulia wewe."

Nilikula vyungu vyote viwili. Tangu siku hizo nimewapikia dada zangu, shemeji na majirani wa ploti waliotoka kujifungua, na kila mara naulizwa maswali yaleyale. Haya hapa majibu yangu yote pamoja. Nayaandika kwa sababu naipenda mboga hii, na naumia nikiona watu wakiikosea kwa njia mbili: kuna wanaoidharau kama chakula cha ushamba, na kuna wanaoiachia kazi ya daktari.

Wazee wanasema nini

Sokoni utaisikia ikiitwa saga au sageti. Wakisii wanaiita chinsaga, Wajaluo wengine akeyo, na vitabu vya Kiswahili vinaiita mgagani. Upande wetu huu wa magharibi ni mboga ya mtu aliyepoteza damu. Hupewa mzazi, na hupewa kijana aliyetoka jandoni. Wazee wanaitaja kwa mambo matatu: huongeza damu, husafisha tumbo, huleta maziwa.

La damu lina ukweli. Majani ya saga yana madini ya chuma, foleti, kalsiamu, vitamini A na C. Lakini chuma cha mboga huingia mwilini kwa taabu kuliko kile cha nyama au samaki, kwa hiyo namna ya kupika na vitu unavyokula pamoja nayo vina uzito kuliko wingi wa mboga kwenye sahani. Pia mama aliyepungukiwa na damu sana hawezi kuirudisha kwa bakuli peke yake. Vile vidonge vya damu vya kliniki, vyenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foleti, visiachwe siku ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee kumeza chuma kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa pale ambapo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo la wengi. Muulize muuguzi kabla hujatoka wodini.

La kusafisha tumbo ni kweli ikiwa tunazungumzia choo. Mzazi hufunga choo, hasa aliyeshonwa na anaogopa kujikaza, na mboga ya majani yenye mchuzi humsaidia. Ikiwa mtu anamaanisha kusafisha mfuko wa uzazi, hapo siungi mkono. Mfuko hujirudi wenyewe, na mtoto anaponyonya ndipo hujikaza zaidi. Ndiyo sababu tumbo humkata mama wakati wa kunyonyesha siku zile za mwanzo.

La maziwa ni la kuelezwa vizuri. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana. Saga haiwezi kuchukua nafasi ya kunyonyesha. Lakini mama aliyeshiba na kunywa vya kutosha hupata nguvu ya kuketi usiku wa manane mtoto akimlilia, na nguvu hiyo ndiyo naamini bibi zetu walikuwa wakiiona.

Kuna matumizi mengine ya kale: kusugua majani kwenye paji la uso kichwa kikiuma, au kukamulia maji yake sikioni. La paji la uso halina madhara makubwa zaidi ya kuwasha ngozi. La sikioni usilifanye, iwe kwa mtu mzima au mtoto.

Panda kabla mtoto hajaja

Mama alikuwa na hesabu yake: mimba ikiingia mwezi wa nane, mbegu inaingia udongoni. Hesabu hiyo inakubali, maana saga huanza kuchumwa baada ya wiki 4 hadi 6. Panda kitalu cha kwanza wiki 6 hivi kabla ya tarehe uliyopewa kliniki, na cha pili wiki 3 baadaye, ili mboga isikatike.

Huhitaji shamba. Kwa sisi tunaokaa ploti, gunia lililojazwa udongo na samadi iliyooza linatosha kuanzia, likae mahali penye jua. Mbegu ni ndogo sana, nyeusi au kahawia, kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu ndipo usiirundike mahali pamoja. Kwenye kitalu, piga mistari iliyoachana sentimita 30, nyunyiza, kisha funika kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita moja. Ukiizika chini sana haitoki. Mwagilia polepole asubuhi na jioni hadi iote, halafu punguza miche iliyosongana. Ile unayong'oa usiitupe, ni laini na ndiyo yenye uchungu mdogo kuliko yote.

Saga ikikosa maji hukimbilia kutoa maua, na ikishatoa maua majani huwa madogo na machungu. Ukiona kichwa cha maua kinachomoza, kikate kwa kucha. Mmea utatoa matawi ya pembeni na utaendelea kuchuma kwa wiki kadhaa. Vidukari vikishika ncha, vioshe kwa maji au ng'oa tawi lililoathirika. Tafadhali usipulizie dawa ya wadudu mboga utakayompelekea mzazi wiki ijayo.

Ukinunua

Soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili lina saga ya kila aina, lakini fika mapema kabla ya jua kali. Nakuru na Kakamega pia haikosi kwenye masoko makubwa. Tazama jani: limegawanyika vijani 3 hadi 5 kama vidole vya mkono, shina lina nywele laini zinazonata kidogo, na ukilisugua hutoa harufu kali ambayo hutaisahau. Maua ni meupe au yana wekundu wa mbali. Kuna ya shina la kijani na ya shina la zambarau. Nyumbani tunaona ya zambarau ndiyo chungu zaidi.

Muulize mama mboga imetoka wapi. Mboga ya mjini mara nyingine hulimwa kando ya mitaro ya maji taka, kwa sababu ardhi ya pale ina unyevu mwaka mzima. Mimi nina mama mmoja ninayemnunulia siku zote na ananiambia kweli. Siku asipokuwa na saga ya kuaminika, ananiambia nichukue kunde.

Kuchambua na kuosha

Kwa mzazi mmoja, mafungu manne makubwa yanatosha siku mbili. Usishangae, hunywea sana ikiiva.

Chuma majani na ncha laini tu. Shina linalokataa kukatika kwa kucha, maua na yale maganda marefu ya mbegu, weka pembeni. Osha majani yakiwa mazima, kwa maji matatu, ukiyainua kutoka kwenye beseni ili mchanga ubaki chini. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini C na foleti vinaondoka na maji. Mimi sikati kabisa, isipokuwa jani likiwa kubwa mno.

Siku ya kwanza jikoni

Uchungu wa saga unatokana na kemikali za jamii ileile inayofanya haradali iwashe. Njia ya haraka ya kuutoa ni kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga yote, na ndivyo wengi wanavyofanya. Ukifanya hivyo umemwaga pia sehemu ya dawa uliyokuwa unaitafuta. Ninavyofanya mimi ni hivi.

Chemsha vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo hadi yatokote. Tia saga, geuza mara moja, funika kwa dakika 10. Onja jani moja. Kama uchungu unaweza kuvumilika, usimwage kitu. Kama bado ni mkali, mwaga nusu ya maji, nusu iache. Dawa nyingine ya uchungu ni kuchanganya: mkono mmoja wa kunde au mchicha kwa mikono miwili ya saga. Managu, yaani osuga au mnavu, pia inakubaliana nayo vizuri.

Sasa maziwa. Chukua vikombe viwili vya maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, yamimine juu ya mboga na upunguze moto hadi uwe wa kupumua tu. Kwenye jiko la makaa, mama mkwe hufunika makaa kwa majivu kidogo kisha ndipo anakalisha chungu. Acha ipike dakika 20 hadi 30 bila kufunika kabisa, ukikoroga kwa mwiko ili maziwa yasishike chini. Mchuzi utabadilika kutoka mweupe hadi kijani cha majivu, na harufu ile kali itageuka kuwa kama ya malai iliyokaangwa. Mama mkwe hapimi kwa saa. Anadondosha tone la mchuzi kwenye kiganja, anasubiri lipoe, analamba, anafumba macho kidogo. Asipokunja uso, mboga imeiva.

Mwisho tia kijiko kimoja cha samli. Samli si ya utamu peke yake: vitamini A ya mboga za majani huhitaji mafuta ndipo mwili uichukue. Huna samli, mafuta ya kupikia yanafanya kazi, au parachichi pembeni.

Siku ya pili, na kwa nini nasimamia hapo

Desturi ya ukweni ni kuilaza dek. Jioni inapikwa, asubuhi inaongezwa maziwa na kupikwa tena, na siku ya tatu ndiyo inaliwa, nzito, laini, uchungu umebaki kwa mbali tu. Ni tamu kweli. Kwa wageni na kwa sherehe naipika hivyo.

Kwa mzazi nakoma siku ya pili. Mboga yenye maziwa huharibika haraka kwenye joto letu la Kisumu, na mwili wa mama aliyetoka kujifungua haufai kupambana na kuhara. Kama una friji, ipoze upesi na uiweke humo. Kama huna, ichemshe hadi itokote asubuhi na jioni, uifunike vizuri, na usirudishe chunguni mabaki ya bakuli. Ikitoa povu au harufu ya uchachu usioujua, mwaga. Najua inauma kumwaga mboga iliyopikwa kwa saa nzima.

Kuhusu munyu

Upande wetu wa Uluhya munyu, wengine wanauita musherekha, hutengenezwa kwa majivu ya maganda ya maharagwe, ya ndizi au magunzi ya mahindi. Majivu huwekwa kwenye chombo chenye matundu, maji hupitishwa juu, na yanayodondoka chini ni ya rangi ya chai nyepesi. Yanalainisha mboga ngumu na yanaifanya mrenda, ile mboga ya utelezi, iteleze inavyotakiwa.

Mama atanisamehe, lakini kwenye saga ya mzazi nautumia kidogo sana: kijiko kimoja cha chai kwa sufuria nzima, au nisitie kabisa. Munyu na magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B wakati wa kupika. Munyu pia una potasiamu nyingi, kwa hiyo mtu mwenye ugonjwa wa figo auache. Wawili wale siku ile walimaliza hivi: mama alipika mrenda kwa munyu wake, mama mkwe akapika dek kwa maziwa, nikala vyote na ugali wa wimbi.

Vinavyokaa naye mezani

Maziwa yana sifa zake, lakini kalsiamu iliyomo huzuia kidogo chuma kisiingie mwilini. Basi usimpe mzazi saga ya maziwa kila mlo. Mlo mmoja ipike kwa maziwa, mlo mwingine ikaange kwa kitunguu na nyanya nyingi. Na mlo wowote, weka tunda lenye vitamini C: pera, chungwa, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Vitamini C hukifungulia chuma mlango.

Omena (dagaa) iliyooshwa na kukaangwa ikauke ndiyo rafiki wa kweli wa saga. Samaki huvuta chuma cha mboga kiingie vizuri zaidi, na kwa kuwa omena huliwa na mifupa yake, kalsiamu inapatikana hapohapo. Uji wa wimbi uliochachushwa nao ni mzuri asubuhi, kwa kuwa kuchachusha hupunguza vitu kwenye nafaka vinavyofunga chuma.

Kinachoharibu kazi yote ni chai. Mzazi hupelekewa chupa ya chai kila mgeni anapoingia, akinywa juu ya chakula. Majani ya chai hufunga chuma cha mboga. Siku moja mama mkwe alinikuta nimeacha bakuli nusu na kikombe mkononi. Alikitwaa taratibu akakiweka dirishani. "Nyathina (mwanangu), kula. Damu hairudi kwa chai." Hakuwa amesoma popote habari hiyo. Mpe mzazi chai saa moja au mbili baada ya kula.

Odowa nayo, lile jiwe laini wanalokula wajawazito, huuzwa soko lilelile la saga. Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huweza kuzuia chuma zaidi, pamoja na kuleta mayai ya minyoo na madini mabaya kama risasi. Anayetamani odowa asigombezwe. Apelekwe akapimwe damu.

Mukombero (ule mzizi wa kutafuna), mwarobaini na maji ya shubiri viacheni hadi mama amalize kunyonyesha, hata kama shangazi amevileta kwa upendo. Na mama anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kwanza, maana mboga za majani zina vitamini K inayopingana na baadhi ya dawa hizo.

Bakuli ni la mama peke yake

Mtoto wangu wa pili akiwa na wiki tatu, mtu mzima wa familia tunayemheshimu alimpa vijiko viwili vya maji ya majani yaliyochemshwa, ili tumbo litulie. Nilikuwa nimelala. Usiku ule alihara hadi macho yakaingia ndani. Tulikaa hospitali siku tatu, na mtu yule alikaa nami benchi lilelile, akilia kuliko mimi. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, bila maji, bila mchuzi wa saga, bila manyasi, yaani dawa za mitishamba. Mgeni akija na kichupa, pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka kabatini.

Mzazi mwenyewe apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona moja ya haya: anajaza pedi kwa muda usiofika saa moja, ana homa, damu au uchafu unanuka vibaya, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, amepata degedege, mguu mmoja umevimba na unauma, anapumua kwa shida, au amekuwa mweupe viganjani na kuzirai. Saa hiyo usiwashe jiko. Hapa Kisumu watu wengi hukimbilia Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini kituo chochote kilicho karibu chenye mkunga ni bora kuliko kusubiri gari la kwenda mbali.

Mbegu ya mzazi ajaye

Katika gunia lako acha mimea mitatu au minne iliyokawia kutoa maua, usiikate vichwa. Maganda yakigeuka manjano, yachume kabla hayajapasuka, asubuhi umande ukiwapo ili yasimwagike. Yaanike kivulini juu ya gazeti, yapukuchue kwa mkono, upepete. Mbegu mpya mara nyingi hugoma kuota ikipandwa palepale, kwa hiyo iweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko kwa miezi 3 hadi 6, mahali pasipo jua. Mimi huandika mwezi juu ya kipande cha karatasi na kukibandika kwenye chupa. Iliyopo kabatini sasa imeandikwa jina la mdogo wangu, atajifungua Novemba.